GURUDUMU LILILOKWISHA HUHARIBU MIWANI
Fundi wa miwani atajuaje wakati wa kulibadilisha?

Mtoto wa shule avaapo miwani kwa mara ya kwanza, wazazi wake hutazamia mambo mawili: asome ubaoni pasipo kukunja uso, na kichwa kisimwume tena. Aghalabu hivyo ndivyo iwavyo. Walakini mara nyingine mama hurudi dukani baada ya siku chache, akasema, "Fundi, mtoto bado aumwa kichwa, na miwani yenyewe haipendi." Fundi huitazama karatasi ya mpimaji, akaona ya kuwa lenzi alizoagiza ndizo hasa zilizoandikwa. Basi hujibu, "Mama, atazoea."

Pengine ni kweli kwamba atazoea, kwa kuwa macho huhitaji siku kadhaa kuizoea miwani mipya. Lakini pengine hatazoea kamwe, kwa sababu kosa haliko machoni mwake, wala haliko katika karatasi ya mpimaji. Kosa liko nyuma ya duka, katika mashine inayokata lenzi ili zienee katika fremu. Gurudumu la mashine hiyo limechakaa, na fundi hakutambua.

Somo hili laeleza kazi ya gurudumu hilo, jinsi linavyochakaa, dalili za kuchakaa kwake, na wakati unaofaa kulinoa au kulibadilisha. Lawahusu mafundi wa miwani, kuanzia Nairobi, Mombasa na Kisumu hadi karakana ndogo za miji ya wilaya. Lamhusu pia kila avaaye miwani, maana yeye ndiye alipaye gharama ya uzembe wa karakana.

KAZI YA MASHINE

Lenzi haitoki kiwandani ikiwa na umbo la fremu. Hutoka ikiwa duara, na upana wake kwa kawaida ni kama milimita 65 hadi 75. Fundi huipima nguvu zake kwanza, akaitia alama mahali pa katikati, akabandika juu yake kishikio kidogo kwa kibandiko chenye gundi pande zote mbili. Kisha huiweka ndani ya mashine, ambako hubanwa kwa nguvu kati ya vibanio viwili. Lenzi huzunguka polepole huku gurudumu la almasi likizunguka kwa kasi kubwa na kuila pembeni, mpaka imebaki ile sura inayotakiwa na fremu.

Zamani mashine hizi zilifuata kigezo cha plastiki kilichokatwa kwa umbo la fremu. Siku hizi mashine nyingi huipima fremu zenyewe kwa kidole chembamba cha chuma na kuuhifadhi umbo wake katika kompyuta. Walakini kompyuta haikati kitu. Likatalo ni gurudumu, na hata mashine iwe ya bei kubwa namna gani, haiwezi kutoa kazi nzuri kuliko gurudumu lililomo ndani yake.

Kwa kawaida magurudumu huwa zaidi ya moja, yamepangwa bega kwa bega juu ya shafti moja. La kwanza ni la kukata kwa haraka, nalo lina punje kubwa za almasi. Karakana inayokata vioo na plastiki pia huwa na magurudumu mawili ya namna hii, moja la kioo na moja la plastiki. La pili ni la kumalizia, lenye punje ndogo zaidi. Hili lina mfuo uliochongwa kwa umbo la herufi V, ili ukingo wa lenzi utoke umechongoka mfano wa paa la nyumba. Huo mgongo wa paa ndio uingiao katika mfereji mdogo uliomo ndani ya fremu na kuishika lenzi isianguke. Mashine nyingine huwa na gurudumu la tatu, la kung'arisha ukingo.

Ziko pia mashine zisizotumia magurudumu ya almasi bali visu vizungukavyo, navyo hukata plastiki pasipo maji. Maneno mengi ya somo hili yazihusu hizo vilevile, isipokuwa yale ya kunoa kwa kinoo.

BUTU SI SAWA NA KWISHA

Almasi ndiyo ngumu kupita madini yote ya asili, na kwa sababu hiyo huweza kula kioo na plastiki kwa muda mrefu. Lakini gurudumu si almasi tupu. Ni punje ndogo za almasi zilizoshikwa na madini mengine, na namna zilivyoshikwa ndiyo inayoamua jinsi gurudumu litakavyochakaa.

Katika aina ya kwanza, punje zimechanganywa na unga wa shaba na madini mengine, kisha vikashindiliwa kwa joto mpaka vikawa kitu kimoja. Punje zimo tangu juu hadi chini ya tabaka hilo. Za juu zikichakaa au kung'oka, madini yanayozishika huliwa kidogo kidogo na punje mpya hutokeza. Magurudumu mengi ya kumalizia ni ya aina hii.

Katika aina ya pili, punje zimegandishwa juu ya gurudumu la chuma kwa tabaka moja tu la nikeli. Gurudumu la namna hii hukata kwa ukali na kwa haraka, nalo hutumika sana kwa kukata plastiki. Lakini chini ya tabaka hilo hakuna punje nyingine. Zikiisha, zimekwisha.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Gurudumu la aina ya kwanza laweza kuwa butu hali halijakwisha. Unga wa lenzi huziba nafasi zilizo kati ya punje, uso wake ukawa laini na wenye kung'aa, likasugua badala ya kukata. Hilo halihitaji kutupwa, bali lahitaji kunolewa. Wahenga walisema, kinolewacho hupata. Fundi anayetupa gurudumu butu ametupa fedha yake. Na fundi anayeendelea kulinoa gurudumu lililokwisha anatupa lenzi za wateja wake. Elimu yote ya jambo hili ni kuzitambua hali hizo mbili.

DALILI ZA GURUDUMU BAYA

Gurudumu halichakai kwa siku moja. Lachakaa polepole, na fundi aliye karibu nalo kila siku huzoea kasoro zake kama mtu azoeavyo mlango unaolia. Kwa hiyo yampasa azitafute dalili kwa makusudi.

Dalili ya kwanza ni muda. Lenzi iliyokuwa ikimalizika kwa sekunde 50 sasa yachukua sekunde 75, ingawa ni ya unene uleule na umbo lilelile.

Dalili ya pili ni sauti. Gurudumu kali huvuma kwa sauti moja. Gurudumu butu hupiga kelele nyembamba, au huunguruma kwa shida lenzi inapoligusa.

Dalili ya tatu ni ukingo wa lenzi. Kioo hutoka na vipande vidogo vilivyomeguka. Plastiki hutoka kama iliyoyeyuka, yenye nyuzi au yenye harufu ya kuungua. Utando unaozuia mng'ao juu ya lenzi huonyesha nyufa nyembamba karibu na ukingo. Fundi na atazame kwa kioo cha kukuza, maana jicho tupu halioni kasoro hizi mapema.

Dalili ya nne ni sura ya ule mgongo wa paa. Mfuo wa gurudumu la kumalizia ukiisha, mgongo wa lenzi hutoka umeviringana au haulingani pande zote. Lenzi ya namna hiyo haikai vema katika fremu. Hutikisika, au huchomoka mtu anapoifuta miwani yake.

Dalili ya tano ni kipimo. Gurudumu likipungua upana wake, mashine hudhani imefika mahali pa kusimama hali bado. Lenzi hutoka kubwa kuliko ilivyoagizwa. Fundi hurekebisha kipimo leo, na baada ya siku chache hana budi kurekebisha tena. Akiishindilia lenzi kubwa katika fremu, lenzi hubanwa, utando wake hupasuka, au fremu yenyewe huvunjika kwenye skrubu.

Dalili ya sita ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kugeuka kwa lenzi wakati wa kukatwa. Yafaa ielezwe peke yake.

LENZI IKIGEUKA NDANI YA MASHINE

Macho ya watu wengi hayana mviringo ulio sawa kila upande. Mwanga uingiao katika jicho la namna hiyo haukutani mahali pamoja, na mtu huona herufi zimevutwa au zina kivuli. Katika miaka ya 1820, Mwingereza mmoja mwenye elimu ya nyota, George Biddell Airy, aliligundua tatizo hilo katika jicho lake mwenyewe, akatengenezewa lenzi ya kulisahihisha. Lenzi ya namna hiyo ina nguvu zaidi upande mmoja kuliko upande mwingine, na kwa sababu hiyo ni lazima ikae katika fremu kwa pembe ileile aliyoiandika mpimaji. Pembe hiyo huitwa mhimili, na hupimwa kwa digrii.

Gurudumu kali hukata lenzi kwa wepesi. Gurudumu butu huisukuma. Msukumo huo hupita katika lenzi hadi kwenye kibandiko kinachoishika, na kibandiko kikilegea japo kidogo, lenzi huzunguka. Itatoka imekatwa vizuri kwa kuitazama, lakini mhimili wake umehama. Hatari huwa kubwa zaidi kwa lenzi za siku hizi zenye utando laini unaofukuza maji na mafuta, maana hata gundi haishiki vema juu yake.

Madhara yake yaweza kuhesabiwa. Chukulia mtoto aliyeandikiwa sahihisho la daiopta 2.00 la jicho lisilo na mviringo sawa. Lenzi yake ikigeuka digrii 5 tu, kosa litakalobaki machoni pake ni karibu daiopta 0.35. Ikigeuka digrii 30, kosa litakalobaki ni sawa na lile alilokuwa nalo kabla ya kuvaa miwani, yaani nguvu yote ya sahihisho hilo imepotea bure. Ndiyo sababu kanuni ya Marekani ya lenzi za miwani, iitwayo ANSI Z80.1, huruhusu kosa la digrii 2 tu kwa lenzi yenye sahihisho linalozidi daiopta 1.50.

Basi mtoto yule aumwaye kichwa hana ukaidi. Amepewa dawa iliyo sahihi kwa kipimo kisicho sahihi.

Njia ya kuligundua kosa hili ni rahisi wala haina gharama. Kabla ya kukata, fundi achore mstari mmoja kwa kalamu ya wino unaofutika, upite juu ya kishikio na juu ya lenzi pamoja. Baada ya kukata, autazame. Mstari ukiwa umekatika mahali kishikio kinapokutana na lenzi, lenzi imegeuka. Na hata mstari ukiwa mzima, kila lenzi ipimwe tena kwa mashine ya kupimia nguvu kabla ya kumfikia mteja.

KABLA YA KULILAUMU GURUDUMU

Si kila kelele ni ya gurudumu. Magurudumu ya almasi ni ya bei kubwa na aghalabu hutoka nchi za nje, kwa hiyo fundi mwenye busara huchunguza mambo mengine kwanza.

Atazame maji. Maji hupoza gurudumu na kuondoa unga wa lenzi. Mahali penye shida ya maji, mafundi hushawishika kutumia maji yaleyale kwa siku nyingi, mpaka yakawa kama uji. Maji hayo huziba punje za almasi, na mdomo wa bomba huzibika vilevile. Maji yabadilishwe, chujio lioshwe, na bomba lielekezwe hasa mahali lenzi inapokutana na gurudumu.

Atazame umeme. Umeme ukiwa dhaifu, mota hupungua kasi, na gurudumu zima hufanya kazi kama gurudumu butu.

Atazame vibandiko na vibanio. Kibandiko kilichotumika mara mbili, au lenzi yenye mafuta ya vidole, huleta kugeuka kwa lenzi hata kama gurudumu ni jipya. Mpira wa kibanio uliochakaa huleta kosa lilelile.

Atazame mkanda wa mota na beringi za shafti. Shafti ikitikisika, ukingo wa lenzi hutoka na mawimbi.

Mwisho, atazame kama mashine imeelezwa aina ya lenzi iliyomo. Plastiki ya CR-39, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1940 na kuanza kutumika katika lenzi za miwani mwaka 1947, hukatwa kwa maji. Plastiki ya polikaboneti ni ngumu kuvunjika lakini huyeyuka upesi, nayo katika mashine nyingi hukatwa kwanza bila maji, kisha maji hufunguliwa mwishoni. Kuzichanganya taratibu hizo ni kuiharibu lenzi na kuliziba gurudumu.

JINSI YA KUNOA

Mambo hayo yote yakiwa sawa na dalili zikabaki, gurudumu na linolewe. Kinoo chake ni kijiti cha mawe ya kusaga kinachouzwa kwa kazi hiyo. Kila gurudumu lina kinoo chake: cha gurudumu la kukata kwa haraka huwa na chembe kubwa, cha gurudumu la kumalizia huwa na chembe ndogo, na cha gurudumu la kung'arisha huwa laini kupita vyote. Kinoo cha chembe kubwa kikigusa gurudumu la kung'arisha, gurudumu hilo limeharibika.

Kinoo huloweshwa maji kwanza. Mashine huwekwa katika hali ya kunoa, kama kitabu chake kielezavyo, na kinoo hukandamizwa kwa wepesi kikipitishwa upande hadi upande kwa sekunde chache tu. Kusudi si kuzila almasi, bali ni kuyala kidogo yale madini yanayozizunguka, ili zitokeze tena. Anayenoa kwa nguvu au mara kwa mara huufupisha uhai wa gurudumu lake.

Gurudumu lenye tabaka moja la nikeli lisinolewe kwa kinoo, isipokuwa kitabu cha mashine kimeruhusu. Kulinoa ni kuzing'oa almasi zake zote kwa mkono wako mwenyewe.

SASA LIBADILISHWE

Baada ya kunoa, fundi akate lenzi ya majaribio. Gurudumu likirudia ukali wake na kuendelea nao, lilikuwa butu tu. Likirudia ukali kwa lenzi chache, kisha dalili zikarejea, na muda kati ya kunoa na kunoa ukazidi kuwa mfupi, gurudumu hilo limekwisha. Hapo hakuna dawa nyingine illa kulibadilisha.

Yako mambo mengine yanayotaka gurudumu libadilishwe mara moja bila kungoja. La kwanza, chuma kitupu kikionekana mahali palipokuwa na almasi. La pili, mfuo wa V ukiwa umemeguka au umepanuka. La tatu, gurudumu likiwa na ufa, au likizunguka kwa kuyumba hali shafti ni nzima. La nne, kipimo cha lenzi kikiwa kimefika mwisho wa marekebisho ambayo mashine yaweza kufanya.

Kalenda haifai kuwa mwamuzi. Karakana moja hukata lenzi 10 kwa siku, nyingine hukata 100. Moja hukata plastiki tupu, nyingine hukata vioo, ambavyo huyala magurudumu kwa haraka zaidi. Kiwanda kikiandika idadi ya lenzi ambazo gurudumu laweza kukata, idadi hiyo ni mwongozo wa kumkumbusha fundi aanze kuangalia, wala si amri.

Mwamuzi wa kweli ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Jumatatu asubuhi fundi akate lenzi moja ya plastiki kwa umbo lilelile na kipimo kilekile, mathalan duara la milimita 50. Aandike sekunde ilizochukua, kipimo alichokipata kwa kalipa, na hali ya ukingo. Aandike pia idadi ya lenzi zilizokatwa katika juma, za kioo mbali na za plastiki mbali, zilizoharibika, na siku aliyonoa. Katika miezi michache daftari hilo litamwonyesha gurudumu linavyoshuka, naye ataagiza jingine mapema, kabla la kwanza halijamwachia aibu mbele ya wateja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukulia karakana inayokata lenzi 240 kwa juma. Gurudumu likiwa zima, lenzi 2 huharibika. Likiwa limekwisha, huharibika 8. Zilizozidi ni 6. Ikiwa kila lenzi yagharimu shilingi 1,000, hasara ni shilingi 6,000 kwa juma, na katika majuma 10 ni shilingi 60,000. Fundi alinganishe hesabu yake mwenyewe na bei ya gurudumu jipya. Tena katika hesabu hiyo hazimo lenzi zilizotoka na kosa lisiloonekana, zikaenda nyumbani kwa watu.

KUWEKA GURUDUMU JIPYA

Kazi ya kubadilisha haihitaji nguvu bali utaratibu. Umeme uzimwe na waya uchomolewe kwenye soketi. Kabla ya kuondoa kitu, fundi apige picha au achore mpangilio wa magurudumu na vipete vilivyo kati yake, kwa kuwa kila kimoja hurudi mahali pake. Shafti isafishwe, maana chembe moja ya uchafu yatosha kuliyumbisha gurudumu jipya. Mshale ulioandikwa juu ya gurudumu ufuatwe. Nati ikazwe kwa kadiri kitabu kisemavyo, isilegee wala isizidishwe. Gurudumu lisipigwe nyundo kamwe.

Si lazima magurudumu yote yabadilishwe pamoja. Aghalabu moja huisha kabla ya mengine, nalo hubadilishwa peke yake. Lakini kwa kuwa gurudumu jipya lina upana mkubwa kuliko lile la zamani, ni lazima mashine ipimwe upya: ukubwa wa lenzi, mahali pa mgongo wa V, na mhimili. Fundi akate lenzi za majaribio mpaka vipimo vyote vikubaliane, ndipo aguse lenzi ya mteja. Anayeruka hatua hii ameweka gurudumu zuri katika mashine isemayo uongo.

Gurudumu jipya nalo litunzwe. Kioo kisipelekwe kamwe kwenye gurudumu la plastiki lenye tabaka moja, maana almasi zake zitang'oka. Wala plastiki isipelekwe kwenye gurudumu la kioo, kwa kuwa italiziba. Maji yabadilishwe kila siku. Fundi avae miwani ya usalama, wala asivae glavu karibu na gurudumu linalozunguka. Unga wa vioo na plastiki usimwagwe katika mfereji wa maji.

NENO KWA AVAAYE MIWANI

Mteja haoni mashine, lakini aweza kuiona kazi yake. Aishike miwani yake mpya mbele ya dirisha na kutazama ukingo wa lenzi. Asione mwanga ukipita kati ya lenzi na fremu. Lenzi isitikisike akiigusa kwa kidole. Ukingo usiwe umemeguka, wala utando usiwe na nyufa. Na baada ya siku kadhaa, ikiwa kichwa chauma au sakafu yaonekana imeinama, arudi dukani aombe lenzi zipimwe tena mbele yake. Hiyo ni haki yake, wala fundi mwema hachukizwi nayo.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilieleza ya kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba wasiopungua bilioni 1 kati yao wana upungufu ambao ungaliweza kuzuiwa, au ambao bado haujashughulikiwa. Wengi wa hao wahitaji miwani tu. Mzazi aliyeuza kuku au aliyeweka akiba ya miezi kadhaa ili mtoto wake apimwe na kununuliwa miwani, amekwisha kufanya sehemu yake. Mpimaji naye amefanya yake. Sehemu iliyobaki ni ya fundi, nayo ni nyembamba kama ule mgongo wa paa ulio pembeni mwa lenzi.

Kwa hiyo mama arudipo dukani na kusema kwamba mtoto bado aumwa kichwa, jibu la kwanza lisiwe "atazoea." Fundi na aipokee miwani, aipime mbele yake, kisha aende nyuma ya duka akafungue daftari na kulisikiliza gurudumu lake. Mara nyingi atayakuta majibu humo. Na akiyakuta, asione haya kusema, "Mama, kosa ni langu. Njoo kesho kutwa, nitamkatia nyingine."